Nyonga ya Tausi

Mume wangu Damas ni mtu mzuri, ila huruma yake nusura imuue mbwa.

Tausi, mbwa wetu jike, alikuwa hajatimiza mwaka alipoanza kuruka kwa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Kuinuka kulimtesa. Damas akadhani goti limeteguka, akamfunga vijiti mguuni, na mbwa akazidi kuchechemea. Shemeji yangu Ngollo, kaka mkubwa wa Damas, akatoa hukumu: mbwa asiyeweza kufika kambi ya nyuki hana kazi hapa Sikonge, na msimu wa kurina asali ukianza atamuua mwenyewe, maana mdogo wake hana moyo huo. Nilimchukia siku ile. Bado namchukia kidogo.

Tukampeleka Tabora kwa daktari wa mifugo, Ummy, pale Isevya. Alimchoma sindano ya usingizi, akamlaza chali, akalishika paja na kulisukuma taratibu. Ndani kukasikika ko. Damas akashtuka, alidhani mfupa umevunjwa. Kumbe goti lilikuwa zima kabisa. Picha ya eksirei ilionyesha ugonjwa uko juu, kwenye nyonga: shimo linaloshika kichwa cha mfupa wa paja halikuwa na kina, basi kichwa kinachomoka na kusagika kila anapotembea. Amezaliwa hivyo. Upande wa kushoto ndio ulikuwa mbaya zaidi, na huo daktari akaupasua, akakikata kile kichwa ili misuli ishike nafasi yake.

"Misuli haiji kwa kulala," alituambia. "Mshono ukipona atembee kila siku, polepole. Msipomtembeza, nimekata bure."

Damas aliitikia vizuri sana. Mshono ulipopona akamtia Tausi kwenye tenga, akalifunga kwenye keria ya baiskeli, akampeleka kambini na kumrudisha vivyo hivyo. Huku kwetu mgonjwa hubebwa kwa baiskeli. Ukimtembeza, watu watakusema. Paja la mbwa likasinyaa. Niligomba, akasema sawa mama Flavia, na kesho yake tenga likapanda tena kwenye keria. Nikaona maneno hayasaidii. Nikaifungua cheni ya baiskeli, nikaishindilia ndani ya gunia la mpunga, nikaenda kupika uji.

Aliitafuta nyumba nzima. Kisha akaondoka kwa miguu, amenuna, Tausi kwenye kamba. Mwanzoni waliishia kwenye bani la jirani la kukaushia tumbaku. Baadaye wakafika mtoni. Paja likaanza kujaa, nami nikalipapasa kila jioni kwa furaha ya mwizi.

Msimu ulipofunguliwa, Ngollo alikuja asubuhi kutimiza neno lake. Damas alifungua kamba tu. Kanga waliruka kutoka kwenye majani, na Tausi akawafukuza, mguu huu, mguu ule, hadi akapotea kwenye miti ya njia ya kambini. Damas akalia waziwazi mbele ya kaka yake, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu uani.

Ngollo akaniomba, kwa sauti ya chini, Tausi akizaa nimwekee mtoto mmoja.

"Hatazaa, shemeji," nikamwambia. "Nyonga hizi zinarithiwa, daktari amekataza. Ni huyuhuyu mmoja, na ni wetu."