Mama Mkwe wa Simoni

Jumapili ya Matawi, kanisani, majina kumi na mawili ya watakaooshwa miguu yalitolewa katika kofia ya mzee Papa Malachie, moja moja, na la mwisho lilikuwa la Kaumba. Salomé, mke wa mchungaji, alihisi mtoto amegeuka tumboni.

Kaumba ni mama yake mzazi. Alikuja kutoka Kabongo wiki tatu nyuma, siku mbili juu ya pikipiki, na kuku mmoja na furushi la vitambaa vya mtoto, kwa sababu mimba ya Salomé ilikuwa inaingia mwezi wa tisa, tena ni ya kwanza. Lakini hakulala kwa binti yake hata siku moja. Mama mkwe halali chini ya bati moja na mukwe wake. Hali chakula naye, hamtazami machoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia katika majani. Mchungaji Zacharie alisoma theolojia miaka mitano, na Kifaransa anasema kama redio, lakini akisikia sauti ya Kaumba mbele ya nyumba anatokea nyuma. Siku moja alitokea dirishani.

Sasa mchungaji huyu huyu, majina yalipokwisha, aliinua mikono kwa furaha: "Alhamisi Kuu, hawa kumi na wawili, mimi mwenyewe nitawaosha miguu. Kwa mikono yangu. Kama Bwana!"

Jina la mwisho hakulisikia. Alikuwa anatafuta ukurasa. Kanisa lote lililisikia. Kaumba alikuwa ametia jina lake bila wasiwasi, kwa sababu kwao Kabongo wanaoosha ni wazee wa kanisa. Aliposikia "mimi mwenyewe," alivuta kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni.

Mchana Salomé alimfuata kwa Mama Tshala, jirani, pale alipopewa chumba. Uani hapakuwa na amani. Wiki iliyopita Kaumba alikuwa amemimina mafuta katika mboga ya Mama Tshala, sombe ya majani ya muhogo, bila kumuuliza, na tangu hapo wale mama wawili walikuwa wanasemeshana kwa njia ya kuku.

"Minyi narudia Kabongo," Kaumba alisema. "Alhamisi, kanisa ikiisha, napanda pikipiki."

"Mama! Na hii tumbo?"

"Tumbo iko yako. Haya iko yangu. Jina yangu ilitoka, siwezi kumukatalia Yesu. Mukwe atanishika miguu mbele ya bantu, nitanyamaza. Lakini kisha pale, nitamupita njiani namna gani? Nitabeba mutoto wake na uso gani? Bora niende."

"Na mutoto, nani atamupokea?"

Kaumba aligeukia kuku. "Kuku, ambia mwenye nyumba anipe kamba yangu ya mizigo."

Mama Tshala, akitwanga, hakuinua kichwa. "Kuku, ambia mugeni kamba iko pale aliweka."

Nyumbani Salomé alimkuta bwana yake amekaa, mikono kati ya magoti. Alikuwa amekwisha kuambiwa jina la mwisho.

"Sema ulikosea," Salomé alimwambia.

"Nikirudi nyuma, watasema mchungaji anaogopa mama mkwe kuliko Yesu."

"Na iko kweli?"

Zacharie alichungulia dirishani kwanza. "Iko kweli. Lakini haiko ya kusema mu kanisa."

Siku ya Jumatano, katika somo la Biblia, Papa Malachie alisimama. Mzee huyu aliendesha treni miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama anataka kusikika mpaka kituo cha mbele.

"Pasteur! Simoni Petro alikuwa na mama mkwe. Tusome Marko moja."

Walisoma. Mama mkwe wa Simoni alikuwa amelala nyumbani kwa Simoni, ana homa.

"Analala kwa mukwe wake?" mama mmoja alishangaa. "Huyu njo aliharibu!"

"Alikuwa na homa," mwingine alimtetea. "Hakujua pale walimulalisha."

"Sikilizeni," Malachie alisema. "Nani alimushika mukono?"

"Yesu."

"Na Simoni alikuwa wapi?"

Kila mtu alitazama kitabu. Simoni hakuonekana.

"Alikuwa nje," Malachie alisema. "Anapasua kuni. Mukwe wa kweli!"

"Papa, hizo kuni haziko katika Maandiko," Zacharie alisema.

"Na Simoni kumushika pia haiko!"

Walicheka, mchungaji akafunga kitabu. "Nilisema nitaosha. Nitaosha." Lakini Salomé, aliyekuwa amekaa pembeni kwa sababu ya mgongo, alirudia ule mstari kimoyomoyo, kidole juu ya ukurasa, polepole kama anayechambua mchele.

Alhamisi ilifika. Ukweli ni kwamba wote kumi na wawili walikuwa wamejiosha miguu tangu asubuhi ili wasimwaibishe mchungaji. Walisugua visigino kwa mawe, walipaka mafuta, mmoja alipaka na rangi ya kucha. Viti vya plastiki vilipangwa mbele, kumi na viwili, na watu waligombania viti vya mwanzo, kwa sababu hakuna aliyetaka cha mwisho. Kila mtu alijua ni nani kati ya mitume kumi na wawili alikuwa wa mwisho: yule msaliti. Kaumba alifika baada ya wengine na akakipata hicho. Nje pikipiki ilikuwa inamngoja, furushi limefungwa, kuku juu yake.

Mchungaji alivua koti, akajifunga taulo kiunoni, akaanza. Aliosha miguu safi ya kwanza, miguu safi ya pili. Kufika ya kumi na moja, maji katika beseni yalikuwa bado meupe, ungepikia ugali wa bukari.

Kisha kiti cha kumi na mbili. Kaumba alikuwa amefunika kichwa chote kwa kitambaa. Zacharie alipiga magoti mbali, hatua nzima, akafunga macho, akanyoosha mkono. Alishika kitu. Akakiosha vizuri, juu mpaka chini, akakifuta kwa taulo, akahamia cha pili. Ilikuwa miguu ya kiti.

Kanisa lilianza kucheka, kwanza kwa pua. Kaumba hakucheka, alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Nje dereva alipiga honi. Salomé aliona kwamba honi ya pili itamchukulia mama yake. Alishika benchi la mbele, akainuka yeye na tumbo lake.

"Pasteur," alisema, "nani alimushika mama mkwe wa Simoni?"

"Yesu," Zacharie alijibu, macho bado yamefungwa.

"Na weye hapa uko nani?"

Alifungua macho. Alitazama kile kiti kilichooshwa.

"Simoni," alisema.

"Basi Simoni atoke nje."

Haijawahi kuonekana mchungaji kutoka kanisani kwa furaha namna ile. Alitoka na taulo kiunoni.

"Na Yesu njo nani sasa?" Malachie aliuliza kwa sauti ya treni.

"Yesu alisema tuoshane shiye kwa shiye," Salomé alisema. Yeye mwenyewe hakuweza kuinama. Aligeuka nyuma, kwenye benchi la mwisho, pale Mama Tshala alikuwa amekaa, ametoka shamba moja kwa moja, jembe limeegemea mlangoni. "Mama Tshala."

"Minyi?" Mama Tshala alijishika kifua. "Kuku wake iko nje. Nitamusemesha kwa nani?"

Lakini kanisa lote lilikuwa linamtazama, akaja. Alipiga magoti, akashika mguu wa Kaumba, akausugua kama sufuria iliyoungua.

"Unanichubua!" ilisema sauti ndani ya kitambaa.

"Tulia. Iko na mafuta mingi, kama sombe yangu."

Kitambaa kikaanza kucheka. Kaumba alikivua. Alitazama huku na huku, mukwe hayupo. Alishuka kwenye kiti, akaketi chini.

"Leta yako," alisema.

Mama Tshala aliingiza miguu chini ya kikwembe alichojifunga. "Apana. Minyi sikuchaguliwa. Sikujiosha."

"Njo hiyo tunatafuta. Leta."

Kaumba aliivuta yeye mwenyewe. Maji yakawa mekundu, udongo wa shamba ukateremka, na watu walisogea kuangalia. Siku ile beseni lilichafuka mara hiyo moja tu. Ikabidi kuleta maji mengine.

Honi ikapigwa tena.

"Salomé," Kaumba alisema, bila kuacha kisigino cha Mama Tshala, "ambia ule wa pikipiki ashushe kuku."

Nje Zacharie alikuwa amekwisha kusikia. Alifungua kamba yeye mwenyewe, kwa haraka, akamshika kuku kwapani. Lakini sauti ya Kaumba ilikuwa inakaribia mlango, na mchungaji, taulo kiunoni, aliingia katika majani na kuku yule.