Jina la Nyumbani

Katika nyumba ya Mama Mkubwa hakuna aliyeitwa jina la cheti. Mwanawe wa kwanza alikuwa Bonge, ingawa siku hizi amekonda kama uzi. Binti yake alikuwa Kinanda, kwa kuwa alipokuwa mchanga alilia kutwa kucha. Mumewe, mtu wa kufunga kamba za viatu kama anayefunga mzigo wa safari ndefu, alikuwa Taratibu, na aliitika. Hakuna aliyekaa chini kuyatunga. Yalitoka mdomoni wakati wa hasira au wa kicheko, yakaganda.

Mmoja tu aliitwa jina lake zima: binti wa marehemu mdogo wake, aliyehamia kwao baada ya mazishi. Mama yake alikuwa na kijina cha kumdekezea, na Mama Mkubwa aliwaonya wote wasikiguse, wasije wakamtonesha mtoto kidonda. Basi wakamwita kwa heshima, herufi zote.

Kisha Shangazi wa msichana akapiga simu. Jumapili angekuja kumuuliza msichana kama angependa kuhamia kwake. Nyumba ni kubwa na shule iko karibu. Mama Mkubwa akajibu kwamba ni sawa, aulizwe, ana akili zake. Alipokata simu akaenda moja kwa moja kumtafuta msichana.

Hakuwa mtu wa mafumbo. Alimkuta msichana anakunja nguo, akamuuliza waziwazi anakosa nini pale. Hakosi kitu, msichana akasema. Akabanwa. Akalikunja shati lile lile mara ya pili, kisha akasema:

"Nyinyi mnaitana Bonge, mnaitana Kinanda. Mimi naitwa kama niko kwenye foleni ya hospitali. Najua ni adabu, Mama Mkubwa, lakini ni adabu ya mgeni."

"Tuliogopa kukuumiza. Kile kijina cha mama yako..."

"Cha mama kiacheni. Nipeni cha kwenu."

Mama Mkubwa alikuwa na stashahada ya biashara, na kwake dawa ya tatizo lolote ilikuwa kikao. Baada ya chakula akawakalisha wote, akataka mapendekezo. Bonge akaleta Kidoti. Kinanda akaleta Kipenzi, akazomewa. Taratibu akafikiri mpaka chai yake ikapoa, akasema Malkia. Msichana akawashukuru mmoja mmoja, akasema jina la kupitishwa kikaoni si jina, ni cheo. Mama Mkubwa akabaki na haya ya mtu aliyejaribu kumpaka mtoto mafuta kwa mwiko.

Jumamosi wote walikuwa kwenye duka lao la mikate. Donge la kwanza liliumuka vizuri, likaingia tanurini. La pili, alilolikanda msichana, lilikaa kwenye beseni limenuna. Mama Mkubwa akalifunika, akalisogeza karibu na joto, akangoja. Wapi. Akanyofoa kipande, akakionja, uso ukamkunjamana. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili, na chumvi ikizidi hamira haifurukuti. Na wateja walishaanza kugonga dirisha.

"Nani kakanda hili? Wewe Kachumvi, hebu njoo. Leo tunauza mikate au tunahifadhi samaki?"

Mama Mkubwa mwenyewe hakuwa amesikia alichotamka. Alishageuka kutafuta unga. Kinanda ndiye aliyeanza kucheka. Bonge akalirudia, Kachumvi, kama anayeonja. Msichana alisimama mikono imejaa unga, machozi yanamchirizika, meno yote nje.

"Abee, Mama Mkubwa."

"Abee haiumui mkate. Kanda lingine lisilo na chumvi, tuyachanganye."

Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, maana uso wake nao haukuwa wa kuonyesha watu.

Jumapili Shangazi alifika, akaketi, akamwita msichana jina lake lote, akamuuliza. Kabla hajajibiwa, Bonge akapaza sauti kutoka uani: Kachumvi, ndoo yako inamwagika. Shangazi akaguna, akataka kujua ni jina gani hilo la kumwitia mtoto wa watu.

"Ni langu, Shangazi," msichana akasema. "Likizo nitakuja kwako. Ila kwetu ni hapa."

Akatoka kwenda kufunga bomba.

Mama Mkubwa alimsindikiza Shangazi mpaka barabarani. Alikuwa amejiandaa kumpoza, lakini kilichomtoka ni shukrani. Alimwambia kwamba asingekuja kuuliza, wao wangeendelea kumheshimu yule mtoto hivyo hivyo mpaka wampoteze.

"Nimekuja kumchukua," Shangazi akasema, "halafu unanishukuru?"

"Nakushukuru, wifi. Tena sana."

Shangazi akalijaribu lile jina polepole, midomoni tu, akitikisa kichwa. Kisha akauliza likizo inaanza lini.