Gari Lililogoma Mbele ya Pampu

Uthmani aliliacha gari lake kwenye gia ya N. Hilo angeweza kuliapia mbele ya msikiti mzima. Foleni ya petroli pale Kinindo ilikuwa ya siku tatu, na desturi yake kila mtu anaijua: ukienda nyumbani kuoga, unaacha gia huru na ufunguo kwa mtu wa nyuma yako, ili foleni ikisogea watu wakusukumie. Sasa amerudi, foleni imesogea, na mkono wa gia umeganda kwenye P, gia ya kuegesha.

Wanaume wanne wakasukuma. Gari likatikisika, likabaki palepale. Akazungusha ufunguo, hata taa haikuwaka. Akakanyaga breki, akavuta mkono wa gia, wapi! Akaanza kujishuku mwenyewe. Uzee? Majini? Miaka thelathini ameendesha gari za gia za mkono. Hili la otomatiki ana miezi miwili nalo, na kuuliza aliona haya.

Binti yake Hayat anaolewa leo baada ya alasiri. Bibi aliyemlea, mama yake Uthmani, yuko Rumonge, amejipaka hina tangu jana, anangoja kuchukuliwa. Mabasi hayana mafuta. Asipopata petroli saa hii, bibi hatakuwepo.

Gari za nyuma zikaanza kumpita. Moja, tatu, sita. Asiyesogea hupitwa, hakuna wa kumlaumu. Lakini Zénon, karani aliyekuwa nyuma yake na aliyeachiwa ufunguo, hakupita.

"Pita, we! Unangoja nini?"

"Apana, muzee. Nitangoja."

Uthmani hakuelewa kabisa. Mtu mwenye tangi tupu anangoja nini nyuma ya gari bovu?

Zénon akampigia simu shemeji yake, dereva wa wakubwa huko Kiriri, kisha akaingiza kichwa dirishani. "Anasema batri imekufa, njo maana gia inakatala. Vuta frein à main kwanza, ile breki ya mkono. Kando ya P iko kifuniko kidogo, kitoe, ufinye ndani."

Uthmani akakibandua kwa ukucha, akachomeka kalamu ya Zénon kwenye tundu, akabonyeza huku mguu ukiwa kwenye breki. Mkono wa gia ukateleza hadi N kwa ulaini uliomuudhi.

"Batri ilikufa namna gani? Na nani aliweka P?"

Zénon akainama. "Ni mi, muzee. Jana nilikaa mu gari yako nikasikiliza mechi kwa redio. Niliogopa itaseleleka, nikaweka P. Redio nikaisahau."

Uthmani hakujua amtukane au amshukuru. Wakasukuma mpaka pampuni. Akajaziwa, na hapohapo mwuzaji akatundika bomba: mafuta yamekwisha.

Zénon hakulalamika. Alitoa nyaya, akaunganisha betri mbili, akawasha gari lake ili la Uthmani lipate nguvu. La Uthmani likanguruma. La Zénon likakohoa mara mbili, likazima. Tone lake la mwisho liliishia hapo.

Uthmani akafungua mlango wa abiria kwa hasira.

"Panda," akasema. "Twende Rumonge. Utamuelezea mama we mwenyewe kwa nini tumechelewa."