Wa Kwanza Kwenye Foleni

"Mtoe, Doreen. Ni mume wako," alisema Glenys, karani wa mapokezi, akiuzuia mlango wa zahanati kwa mguu. "Tangu Februari yuko hapo. Maiti haandikishwi."

"Mtoe wewe. Foleni ni yako."

"Nimemwambia mara ngapi? Ananijibu 'samahani sana, mpenzi,' na kesho yake saa moja kasoro yuko palepale, wa kwanza."

"Basi mwandikishe."

"Kompyuta inamkataa! Nikiweka jina lake inaniambia amefariki. Unataka nibishane na kompyuta?"

"Alipokuwa hai ilimkubali, na bado hamkumwona," alisema Doreen Ashworth, kisha ikabidi anyamaze avute pumzi.

Clifford mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka pale, na koti lake la mvua na kofia ya sufu, akitazama viatu vyake ili asionekane anasikiliza. Alikufa sebuleni, simu ikiwa sikioni. Simu ya zahanati ilikuwa imemwambia kwamba yeye ni wa kumi na tisa kwenye foleni, asikate, na muziki ukaendelea kupigwa. Doreen alikuwa jikoni akitenga chai. Wiki nzima alikuwa amembembeleza apige, naye akashikilia kwamba hapendi kumsumbua daktari kwa jambo dogo. Walimzika Alhamisi. Jumatatu alikuwa kwenye foleni.

Watu wa Accrington, mji wa Uingereza ambako hata karani huitwa mpenzi, hawakulifanya jambo hilo kubwa. Kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu, awe hai au amekufa. Waliomkuta pale walimwambia leo kumepoa, naye akajibu afadhali ya jana, wakajipanga nyuma yake. Shida ilikuwa moja tu: hakuna aliyekuwa tayari kumpita. Clifford asingeweza kuandikishwa, asingeondoka kabla ya kuandikishwa, na watu wa pale wangeona heri mguu uoze kuliko kuruka foleni. Hivyo kila asubuhi nafasi za siku za kumwona daktari ziliishia kwa waliopiga simu, na waliosimama wakashukuru wakarudi nyumbani. Bwana Pickup, aliyekuwa wa tatu, mguu wake ulikuwa umevimba tangu Pasaka.

Doreen alikuwa wa pili. Jumapili, alipokuwa akitoa viazi na nyama kwenye joko, kitu kilimkamata kifuani kama mkono wa mtu, kikashuka mpaka kiwikoni, na tangu hapo hakikumwachia. Hakumwambia mtu.

Glenys alimtazama usoni. Akashusha sauti.

"Mpite tu. Mimi nitageukia huku."

"Niruke foleni? Mbele ya watu?"

"Midomo yako imekuwa ya bluu, Doreen."

"Ni upepo tu. Wala siumwi sana."

Clifford aliinua macho. "Mimi pia sikuwa naumwa sana," alisema. "Tangulia, mpenzi."

Doreen alikuwa na miaka sabini na moja na hajawahi kumpita mtu, si dukani, si kwenye basi, wala chooni. Aligeuka nyuma.

"Samahanini," aliwaambia, akapita.

Mtu mmoja alikohoa kile kikohozi cha watu wasiotaka kusema.

"Haya basi," alisema Bwana Pickup. "Sisi wengine tumekuja kupunga upepo."

Glenys alikimbilia kiti chake, akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Zimeisha," alisema. "Zimeisha saa mbili na dakika nne. Tulikuwa tunabishana."

"Ya karibu ni lini?"

"Tarehe kumi na nne Agosti. Au nikuitie gari la wagonjwa."

"Gari la wagonjwa ni la wagonjwa," alisema Doreen. "Asante, mpenzi. Samahani kwa usumbufu."

Alitoka nje. Nafasi yake ya pili ilikuwa imekwenda, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Clifford alikuwa bado wa kwanza, uso kwa mlango. Nyuma yake walikuwa watu kumi na mmoja, na Bwana Pickup alikuwa ameegemea ukuta ili mguu upumue. Doreen aliwatazama wote, akachoka zaidi kuliko alivyokuwa amechoka tangu mazishi.

"Clifford, njoo."

"Nitapoteza nafasi yangu."

"Najua."

Alimshika mkono, ambao ulikuwa baridi na mwepesi, wakapita kando ya ukuta, mbele ya wale kumi na mmoja, polepole, kwa sababu kifua chake hakikumruhusu haraka. Walifika kwenye mapipa ya taka, alikosimama mama mmoja na mwavuli.

"Samahani, huu ndio mwisho?" Doreen aliuliza.

"Ndio mwisho, mpenzi."

Wakasimama nyuma yake. Kule mbele Bwana Pickup alisogea hatua moja mpaka kwenye mlango, ambao sasa ulikuwa umefungwa, na wengine wote wakasogea nyuma yake.