Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Yassine fundi hakuwa mwizi wala mlevi. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo, na mdomo, kama tujuavyo, huponza kichwa.

Mwalimu Rachida alifika kibandani kwa fundi huyu, Kasongo, kwa pikipiki kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope, kompyuta ameifunga ndani ya kitenge. Kabla ya jioni alitakiwa atume majina ya wanafunzi wake wa mtihani, na mashine haikuona mtandao wowote. Wiki iliyopita Yassine huyuhuyu aliibadilishia kibodi.

Aliibonyezabonyeza. Wifi hamna, Bluetooth hamna, zote zimepotea siku moja. Zote mbili hukaa kwenye kadi moja ndogo, hilo alilijua. Alipaswa kufungua, atazame. Badala yake akauliza:

"Kutoka hapa, uliipeleka wapi?"

"Kwa papa Octave, kuichaji kwa sola yake. Ililala kule. Kufika Wamaza, rezo ya mtandao hakuna."

"Basi ni yeye. Alitoa kadi, akaiweka kwa mashine ya mutu mwingine. Ule muzee mi namujua."

Alimjua kweli. Octave ndiye aliyemfundisha kazi, na wateja walikuwa bado wanampenda Octave zaidi. Wivu tu, hakuna kingine.

"Twende umwambie mwenyewe," alisema Rachida.

Yassine hakuwa na pa kupitia. Aliyarudia maneno yale mbele ya wenye simu waliojaa kwa Octave, ila safari hii kwa sauti ndogo. Mzee alipangusa meza, akaigeuza mashine juu chini.

Hapo Yassine akaona. Juu ya kila skrubu palikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha ya mkewe Hawa. Alilitia mwenyewe kila alipomaliza kazi, ili ajue kama mkono mwingine umefungua. Matone yote yalikuwa mazima. Tangu yeye, hakuna aliyefungua.

Octave naye aliona, maana ujanja ule ndiye aliyemfundisha. Alimtazama Yassine mara moja tu, kisha akakwangua rangi na kufungua. Kadi ilikuwepo, imechomoka nusu. Skrubu yake ndogo ndiyo haikuwepo. Yassine akakumbuka ile siku: simu ililia, akaongea, akafunga mashine akicheka.

Mzee aliisukuma kadi, akatoa skrubu kwenye kopo lake, akaikaza. Akaiwasha mashine, majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo.

"Ni barabara," alisema. "Pikipiki ilitikisa kadi. Hakuna mutu aliiba kitu."

Rachida aliinamisha kichwa. "Papa, unisamehe. Nilikuzania mubaya."

Aibu ilimchoma Yassine mpaka masikioni. Angetukanwa, ingekuwa nafuu.

"Paka alama yako," Octave alimwambia. "Kazi iko yako."

Yassine alitoa kichupa mfukoni, lakini hakukifungua. "Mwalimu, ule musamaha ni mimi wa kuuomba. Visi, ile skrubu ya kadi, niliisahau mimi. Na nilimuita muzee mwizi bila kufungua mashine."

Rachida aliivuta kompyuta, akatuma majina yake yote mpaka la mwisho, kisha akaisukuma mbele ya Octave.

"Alama uweke weye, papa."

Octave alinyoosha mkono, na Yassine akampa kichupa.