Mgomba Tuliouzika

Ndani ya jeneza la baba mlikuwa na mgomba. Baba zangu wadogo waliukata nyuma ya jikoni, wakauvisha koti lake la Krismasi, wakaulaza chali na kuufunika shuka. Walisema maji ya mto Nzoia yamembeba na mwili hauonekani, na kwetu Kabuchai mtu haachwi bila kaburi. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee. Nilinyolewa nywele, nikatupa udongo kwa mkono wangu, nikalia mpaka nikatapika.

Miaka ishirini baadaye mvua ilinikamata Kitale, nikielekea mji mdogo wa Kwanza kuanza kazi ya ualimu. Barabara ilikuwa imekatika na magari hayaendi. Nikajibanza kwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, begi kichwani. Mwenye duka, mama wa makamo aitwaye Hasina, alinikodolea macho kupita kiasi. Akaniuliza kwetu ni wapi, kisha akaniuliza jina la baba. Nikamjibu Wabwile, marehemu. Alikunja vitambaa vyake polepole, akafunga duka kabla ya wakati, akasema huu ni mwezi wa Ramadhani na mgeni haachwi njiani saa ya kufuturu. Nami mjinga nikafurahi, maana tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu tumboni.

Kwake nilipokelewa kama mtu aliyesubiriwa. Nilimiminiwa maji mikononi, nikapewa tende, halafu uji wa pilipili manga, halafu sambusa za moto. Jamaa zangu wa damu hawajawahi kunikirimu hivyo. Ndipo mzee mmoja akaingia kutoka kuswali, kanzu imelowa pindoni. Hasina akasema huyo ni mume wake, Naim, na akainamisha macho. Mzee alikuwa na kovu lililokata unyusi wa kushoto. Utotoni nilikuwa nikilishikashika kovu hilo mpaka usingizi unichukue.

Akaketi mkekani mbele yangu.

"Wepukhulu," akaniita jina langu. "Umekuwa mrefu."

Nilimuuliza kama alijua kwamba tulimzika. Hakujifanya hajui. Alisema aliposilimu na kumwoa Hasina, wazee wa ukoo waliona heri afe kuliko wasemwe, na mambo ya mto waliyatunga wao. Mama alikubali, kwa sababu mjane huonewa huruma na mke aliyeachwa huchekwa. Habari za matanga zilimfikia sokoni, na mwenye kumwambia alikuwa anacheka.

"Si ungekuja?" nikamwambia. "Hata siku moja tu, nikuone ukitembea."

"Ningekuja aje? Mama yako angeficha uso wapi?" Akasukuma sahani ya kuku upande wangu. "Nikasema wacha nikae tu maiti, nyinyi mkae na amani."

Amani! Kila Desemba nilipalilia kaburi lile. Nilipofaulu mtihani nilikimbia kwenda kuliambia kaburi kwanza, kabla ya mtu yeyote, na mama akiwa amesimama jikoni ananitazama. Hakuniita. Walikuwa wamepatana wote, aliyekufa na waliomzika, na katika matanga yale yote niliyefiwa ni mimi peke yangu. Nilimchukia mzee yule pale pale, mkono wake ukiwa bado umeshika ukingo wa sahani. Halafu nikamfikiria mama, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

Hasina alikuwa akilia mlangoni, kimya kimya. Maskini, alidhani ananiletea zawadi. Kwa ajili yake nilimega chapati, nikala kuku, nikashukuru kama nilivyofunzwa. Baba hakugusa chochote, ingawa alikuwa amefunga mchana kutwa.

Baada ya chakula nilitoka barazani nikampigia mama simu. Aliuliza kama nimefika Kwanza. Nikamwambia bado, niko Kitale. Akauliza kama nimekula.

"Nimekula, Mama. Nimekula kwa baba."

Nilisikia redio ikizimwa upande wake. Nilingoja anikemee, aniulize baba gani, aniambie nimerogwa au nimelewa. Nilimwombea adanganye mara moja zaidi.

"Amezeeka?" akauliza.