Duara la Habasoda

Shangazi yangu ni mkaidi, na nasema hivyo huku nampenda. Ana sukari, ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu tangu mwezi uliopita, na kila nikimwambia twende hospitali ananionyesha chupa. Ni mafuta ya habasoda, anayakamua mwenyewe kwa kinu cha mkono kilichofungwa mezani chumba cha nyuma. Asubuhi anapaka, jioni anapaka, na kidonda kinazidi kuchimba.

"Haya nikiyatia kidogo kwenye mafuta ya alizeti, alizeti haichachi upesi," aliniambia. "Dawa zenu zinaweza hivyo?"

"Mguu wako si alizeti, shangazi."

Akacheka, kisha akaniwekea sharti. Mimi nafanya kazi maabara ya kupima vyakula. Basi nikayapime mafuta yake. Yakishindwa kuua vijidudu, ataenda hospitali bila ubishi. Yakiua, nimwache na chupa yake. Nikakubali chapuchapu, maana kwa kiburi changu nilijua yatashindwa.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unapaka vijidudu juu ya jeli ndani ya kisahani, unaweka kijikaratasi kilichochovywa mafuta na kingine kikavu cha kulinganishia, unafunika, unaacha kwenye joto mpaka kesho yake. Vijidudu vikiota, jeli inafunikwa na utando mweupe. Mafuta yakiwa na nguvu, kijikaratasi chake kinazungukwa na duara safi.

Asubuhi nilifunua. Duara lilikuwa safi, pana kama sarafu. Nikarudia kwa visahani vingine vitatu, majibu yakawa yale yale. Mkuu wangu akachungulia begani kwangu.

"Ya nani haya? Mazuri kweli."

Nilitamani kumzaba kibao.

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Neno moja tu, hayaui, na mguu unapata daktari. Nani angejua? Nilimkuta amekaa kando ya kinu, mguu juu ya kigoda, na harufu ya kidonda imeshajaa chumba. Nikafungua mdomo nidanganye, ukagoma.

"Yanaua," nikasema. "Yanaua vizuri tu. Lakini kwenye kisahani hamna nyama, hamna mfupa, hamna sukari. Kilichokufa juu ya jeli si kilichomo ndani ya mguu wako. Shika sharti lako ukitaka, siwezi kukubeba. Ila naogopa, shangazi. Naogopa sana."

Akazungusha mkono wa kinu mara mbili, na ndani hamkuwa na kitu.

"Mama yangu alipougua tulimficha, tukamwambia ni vidonda vya tumbo tu," akasema. "Sote, na mimi nikiwemo. Alikufa anapanga safari."

Akauachia mkono wa kinu.

"Kwamba yanaua nilijua, nayakamua miaka ishirini. Nilitaka kujua wewe utasemaje." Akaninyooshea mkono nimwinue. "Daktari akisema wakate, asiniambie yeye. Uniambie wewe."

Nikamwambia nitamwambia. Kisha nikapiga magoti kumvalisha kandambili, nikaanza na mguu mzima.